Sarafu ya Kale: Uipime Mwenyewe, Umwonyeshe Mfanyabiashara, Uitume Ikafungwe Kashani au Uipeleke Makumbusho?

Mtu akishika sarafu ya kale kwa mara ya kwanza huuliza swali moja: "Hii ni kitu kweli?" Ndani yake mna maswali mawili. La kwanza, je, ilitengenezwa enzi zile au ni ya kughushi? La pili, ikiwa ni halali, kuna mtu atakayeitolea pesa ya maana? Wengi hudhani ukishajibu la kwanza umejibu na la pili. Sarafu za shaba za Kirumi za karne ya 4, za kaisari Konstantino na wanawe, zilitengenezwa kwa mamilioni na bado zinafukuliwa kwa vyungu vizima. Zina miaka 1,700 hivi, ni halisi kabisa, na huuzwa kwa mafungu zikiwa bado na udongo wake. Umri haukuzipandisha bei hata kidogo. Na kuna kinyume chake: Giovanni da Cavino wa Padua, aliyefariki mwaka 1570, alichonga mihuri, yaani vyuma vya kupigia picha kwenye sarafu, ya kuiga sarafu kubwa za shaba za makaisari, akaifanya kazi hiyo vizuri mno hata leo maigizo yake yana wakusanyaji wake.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua nani akuangalizie sarafu, jiulize ni swali lipi linalokukosesha usingizi. Zipo njia nne ambazo watu huzitumia, na kila moja ina watu wanaoiapia. Mimi nimezipitia zote. Moja ilinigharimu zaidi ya sarafu yenyewe, nitaieleza ikifika zamu yake.

Nimezipima kwa vigezo gani

Vitano. Njia hii inajibu swali lipi kati ya yale mawili? Inachukua muda na gharama kiasi gani? Sarafu yenyewe iko hatarini kwa kiasi gani? Anayekujibu anafaidika vipi na jibu lake? Na mwisho, neno lake litakubaliwa na mtu mwingine siku ukitaka kuuza?

Kigezo cha nne ndicho watu hukisahau, ingawa ni cha zamani kuliko vyote. Athens, mwaka 375/4 kabla ya Kristo, ilipitisha sheria iliyopendekezwa na mtu aitwaye Nikophon. Sheria ile iliweka sokoni mpimaji wa sarafu za fedha, mtumwa wa umma, akae katikati ya meza za wavunja pesa. Sarafu aliyoikuta ina kiini cha shaba au risasi ilikatwa papo hapo na kuondolewa kwenye mzunguko. Asipokaa kazini au asipopima inavyotakiwa, alichapwa viboko 50. Ukatili wake uache pembeni, uangalie mpango wenyewe: mpimaji hakuwa mnunuzi wala muuzaji. Mtu wa namna hiyo leo ni adimu kuliko sarafu nyingi anazopelekewa.

Njia ya kwanza: ujipimie mwenyewe

*Inajibu nini.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hata ukichagua njia nyingine, hatua hizi zinakupunguzia aibu. Ujue tu tangu mwanzo kwamba vipimo vya nyumbani vina nguvu ya kusema "hapana". Nguvu ya kusema "ndiyo" havina.

Anza na mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Ya jikoni haifai. Mataifa ya kale yalijali uzito kuliko urembo, na viwango vyao vinajulikana. Sarafu ya drakma nne ya Athens, ile yenye bundi, inakaribia gramu 17.2. Dinari ya Kirumi ya wakati wa Augusto ni kama gramu 3.9, maana ratili moja ya Kirumi ilitoa dinari 84. Nero akaipunguza mwaka 64 hadi dinari 96 kwa ratili, ndiyo maana za kwake zinaelea kwenye gramu 3.4. Solidasi ya dhahabu ya Konstantino ilikuwa 72 kwa ratili, yaani gramu 4.5 hivi. Sarafu iliyochakaa au kumegeka itapungua, hilo halina neno. Lakini bundi wa kwanza niliyemshika, mzuri ajabu, macho yake yamenitolea, alisoma gramu 13.9. Nilimpima mara tatu nikidhani mizani ndiyo mbovu.

Ukitaka kuchimba zaidi, pima densiti, yaani uzito wa sarafu ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo. Dinari ya gramu 3.40 ikisukuma gramu 0.33 za maji, densiti yake ni 10.3, jirani kabisa na fedha safi ambayo ni 10.5. Shaba ni karibu 8.9, risasi 11.3, dhahabu 19.3. Udhaifu wake uko kwenye udogo wa sarafu: ukikosea 0.02 tu, ukasoma 0.35, jibu linashuka hadi 9.7 na unaanza kumshuku mtu asiye na hatia. Kwa sarafu kubwa kipimo hiki ni kizuri, kwa ndogo kichukulie kama fununu.

Kisha chukua lenzi ya kukuza mara kumi, uangalie ukingo. Sarafu nyingi za kale zilipigwa kwa nyundo katikati ya mihuri miwili, si kumiminwa. Pigo huacha mistari myembamba inayokimbilia nje kama miale, na mara nyingi huacha nyufa ukingoni. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu huonyesha vitundu vidogo vya hewa, herufi zenye pembe zilizolainika kama sabuni iliyotumika, na pengine mshono unaozunguka ukingo, au alama za tupa mahali mshono ulipofutwa. Picha kukaa upande si kosa. Mpiga nyundo alikuwa na maelfu ya kupiga kwa siku.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni pacha. Mihuri ileile ilitoa sarafu nyingi, kwa hiyo picha mbili kufanana ni jambo la kawaida. Ila kipande cha madini kilichowekwa chini ya nyundo kilikuwa na umbo lake, na kila pigo lilitua kivyake. Ukikuta sarafu mbili zina picha moja, *na* ukingo wenye umbo moja, *na* mkwaruzo mmoja mahali pamoja, ujue angalau moja imetoka kwenye kalibu lililotengenezwa kwa mwenzake, au zote mbili kwa sarafu ya tatu. Ndiyo sababu kutazama picha za minada iliyopita kunafaa kuliko kukodolea macho sarafu yako peke yake usiku kucha. Kwa Dola ya Roma kuna hifadhidata ya bure mtandaoni, OCRE, inayosimamiwa na American Numismatic Society. Humo utalinganisha kaisari, maandishi na mahali sarafu ilipopigwa.

Sumaku? Inasaidia kidogo tu. Dhahabu, fedha na shaba havivutwi, lakini shaba iliyopakwa fedha jana nayo haivutwi. Na ikivutwa usikimbilie kuitupa: enzi ya Song huko China zilikuwepo sarafu halali za chuma. Hili la kukataa kitu kwa sababu ni kigeni kwetu linatupata sana sisi tunaojipimia. Ufalme wa kale wa Aksum, katika eneo la Ethiopia na Eritrea ya leo, ulipachika dhahabu kuzunguka kichwa cha mfalme kwenye baadhi ya sarafu zake za fedha na shaba. Mtu asiyejua ataona dhahabu juu ya shaba, acheke, na kumbe ameshika kitu adimu.

Kipimo kimoja hakihitaji kifaa. Sarafu iliyoandikwa mwaka wake kuwa ni "kabla ya Kristo" imejishitaki yenyewe.

Kwa upande wa thamani, njia hii inakupa makisio: tafuta sarafu ya aina hiyohiyo, katika hali hiyohiyo, iliyouzwa kweli mnadani. Bei inayoombwa na muuzaji haihesabiki, kwa kuwa kuomba ni bure.

*Muda na gharama.* Mizani, lenzi na kaliba ya kupimia kipenyo hununuliwa mara moja. Kinacholiwa ni muda, na kinaliwa sana.

*Hatari kwa sarafu.* Kubwa kuliko unavyodhani, na chanzo chake ni mikono yako. Usiisugue, usiitie ndimu wala siki, usiing'arishe. Ngozi ya kijani au ya kahawia iliyojijenga kwa karne nyingi ni sehemu ya thamani yake, na ukishaiondoa hairudi. Usiiangushe mezani kusikiliza mlio: fedha iliyokaa ardhini muda mrefu hugeuka fuwele ndani na huvunjika kama kigae. Ukiona unga wa kijani hafifu unaochipuka upya kila ukiupangusa kwenye shaba, huo ni ugonjwa wa shaba unaosababishwa na kloridi. Itenge na wenzake, iweke pakavu, na habari za kuizamisha majini zisahau.

*Maslahi.* Watu husema hapa hakuna mgongano wa maslahi. Upo. Wewe unataka iwe ya kweli.

*Uzito wa neno lako.* Kwa mnunuzi, karibu sifuri. Kwako wewe unayetaka kujua kama inafaa kuendelea, mkubwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye sarafu nyingi za hali ya chini, anayejifunza, na yeyote anayetaka kuchuja kabla ya kulipia jibu.

Njia ya pili: mfanyabiashara wa sarafu au nyumba ya mnada

*Inajibu nini.* Maswali yote mawili, na la thamani analijibu kuliko mwingine yeyote, maana yeye ndiye soko. Aliyeshika sarafu laki moja hujua uongo kwa vidole kabla ya macho. Muulize amejuaje, mzuri atakuonyesha, wa kubahatisha atakuambia umwamini.

Hata hivyo wazoefu nao hukosea wakiwa kundi. Mwaka 1988 soko lilifurika sarafu ndogo za fedha za miji ya Apollonia Pontica na Mesembria, zikidaiwa kutoka hazina iliyofukuliwa pwani ya Bahari Nyeusi. Wapo waliozikubali, wapo waliozikataa, wakavutana, hadi zilipothibitika kuwa ni za kughushi zilizopigwa kwa mihuri mipya. Zile hazikumiminwa, kwa hiyo dalili za vitundu na mshono hazikumsaidia mtu.

*Muda na gharama.* Mara nyingi dakika kumi na bure, kwa matumaini kwamba utauza kupitia kwake. Gharama inakuja baadaye, kwenye tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, au kwenye ada ya mnada.

*Hatari kwa sarafu.* Ndogo. Hawa wanajua kushika ukingo.

*Maslahi.* Mwamba ngoma ngozi huvuta kwake. Mfanyabiashara anayetaka kununua anafaidika ukiidharau sarafu yako, na hata mwaminifu lazima anunue chini ya bei atakayouzia, la sivyo atafunga duka. Nyumba ya mnada inavutia upande wa pili: inapata asilimia, hivyo inapenda bei ipande. Mimi hutenganisha mambo. Humwambia mtu mapema kwamba siuzi, kisha namuuliza, "Kama ningetaka kununua ya aina hii kwako, ningelipa ngapi?" Jibu la swali hilo na jibu la "utainunua hii yangu kwa ngapi" hukaa mbali sana, na thamani halisi iko mahali fulani katikati yake.

*Uzito wa neno lake.* Unategemea kama yuko tayari kuliandika. Wanachama wa IAPN, chama cha kimataifa cha wafanyabiashara wa sarafu kilichoundwa mwaka 1951, wanatakiwa kudhamini uhalisi wa wanachouza. Dhamana hiyo ya kurudishiwa pesa ni nzito kuliko cheti chenye nembo ya dhahabu.

Kuna jambo lingine ambalo mfanyabiashara makini atakuuliza kabla hata ya kuchukua lenzi: umeipata wapi? Oktoba 2020, sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, yenye majambia mawili na kofia ya uhuru, iliyopigwa kukumbuka mauaji hayo, iligongewa nyundo mnadani London kwa pauni milioni 2.7. Ada ya mnunuzi ikaipeleka hadi milioni 3.24, na hapo ujionee mwenyewe tofauti ya bei ya nyundo na bei ya kulipa. Sarafu yenyewe ilikuwa ya kweli. Karatasi za historia yake ya umiliki ndizo zilizoghushiwa, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Sarafu isiyo na asili inayoeleweka ni mzigo, hata ikiwa safi namna gani, na karatasi inayoonyesha ilikuwa kwenye mkusanyo fulani kabla ya mwaka 1970, ulipopitishwa mkataba wa UNESCO kuhusu mali za kitamaduni, huongeza bei kuliko kuisafisha kwa aina yoyote.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kuuza, na anayenunua sarafu ya bei ambayo kosa lake litauma.

Njia ya tatu: kampuni ya uthibitishaji inayofunga sarafu kashani

*Inajibu nini.* Unatuma sarafu, wataalamu wa kampuni wanaiangalia, na ikipita inarudi imefungwa ndani ya kasha la plastiki gumu lenye namba, jina lake na daraja. Kwa sarafu za kisasa daraja huwa ni namba kati ya 1 na 70. Za kale hazikutoka mashineni, kwa hiyo hupewa daraja la uchakavu kwa maneno, na kwenye kampuni iliyo maarufu kwa sarafu za kale huongezwa alama mbili kati ya 1 na 5, moja kwa ubora wa pigo na nyingine kwa hali ya uso. Bei haitajwi. Kinachojibiwa ni uhalisi kwa maoni yao, na hali.

Soma masharti kabla ya kutuma. Kwa sarafu za kale, kampuni inaweza kuukubali uhalisi kama maoni bila kuudhamini kwa pesa. Watu huona kasha wakadhani wameona bima.

*Muda na gharama.* Ada ya kila sarafu, posta ya kwenda na kurudi, bima ya njiani, na wiki au miezi ya kusubiri. Hapa ndipo nilipojifunza. Nilituma sarafu ya shaba ya Konstantino niliyoipenda kwa sababu tu kaisari alikuwa na pua nzuri. Ikarudi na daraja la kuridhisha, ndani ya kasha linalong'aa, nami nikiwa nimelipa mara kadhaa ya bei ya sarafu yenyewe. Bado ninayo. Kasha ndilo la thamani zaidi.

*Hatari kwa sarafu.* Njiani inaweza kupotea. Ikishafika, kasha linailinda na vidole. Wakusanyaji wengi wa sarafu za kale hawalipendi, kwa maana linawanyima ukingo na uzito, yaani vitu viwili ambavyo wangevipima kwanza. Wapo wanaolivunja siku wanapolipokea.

*Maslahi.* Yako safi kiasi, kwani ada inalipwa hata sarafu ikikataliwa. Kampuni ikipitisha feki nyingi jina lake linaoza.

*Uzito wa neno lake.* Mkubwa kwa mnunuzi aliye mbali asiyekujua, hasa mtandaoni, na mdogo kwa mkusanyaji mzoefu. Tahadhari: makasha nayo hughushiwa. Iingize namba kwenye tovuti ya kampuni, na ulinganishe picha iliyopo pale na sarafu iliyo mbele yako, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Namba kuwepo haitoshi, namba hunakiliwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye sarafu ya thamani ya kati au ya juu anayetaka kuuza kwa wageni, na mnunuzi mpya anayelipia utulivu wa moyo.

Njia ya nne: mtaalamu wa makumbusho au wa chuo

*Inajibu nini.* Sarafu ni ya nani, ya wapi, ya lini, na kama ina kasoro. Mtaalamu wa sarafu makumbusho anaweza kukuambia kwamba kaisari huyu hakuwahi kupigiwa sarafu katika mji huo, au kwamba herufi hii haikuandikwa hivyo hadi karne iliyofuata. Jicho la aina hiyo halina mbadala. Thamani, hapana: makumbusho mengi yana sera ya kutotaja bei kabisa, na usilazimishe.

*Muda na gharama.* Mara nyingi bure, na mara nyingi polepole. Utaandika, utatuma picha za pande zote mbili na uzito na kipenyo, utangoja. Picha mbovu hupata jibu fupi.

*Hatari kwa sarafu.* Ndogo sana. Hatari ni kwako, kama unaficha ilikotoka. Nchi nyingi zina sheria kuhusu vitu vilivyofukuliwa, na mtumishi wa makumbusho ana wajibu wake. Uingereza, kwa mfano, kwa Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye zaidi ya miaka 300 zilizopatikana pamoja lazima ziripotiwe. Aliyeokota kwa nia njema na akaripoti kwa kawaida hana cha kuogopa. Nyingi ya sheria hizi zinamwadhibu anayenyamaza.

*Maslahi.* Huyu ndiye jamaa wa karibu zaidi wa yule mpimaji wa Athens, bila viboko. Hanunui, hauzi, na jibu lolote kwake ni elimu.

*Uzito wa neno lake.* Mkubwa kielimu. Kibiashara ni mdogo, kwa sababu makumbusho hayatoi barua za kuuzia, nayo yana haki.

*Inamfaa nani.* Aliyepata sarafu ardhini, aliyerithi asichokijua, na yeyote ambaye udadisi wake unazidi haja yake ya pesa.

Na maabara je?

Huulizwa sana, na nitapita haraka. Mashine ya eksirei inayosoma aina za madini ipo hata kwa baadhi ya wafanyabiashara. Inasoma ngozi ya sarafu, haifiki ndani. Na fedha ya kale iliyochanganywa na shaba huwa imepoteza shaba ya juu kwa kuliwa na udongo, hivyo ngozi huonekana safi kuliko moyo. Fedha safi mno, isiyo na chembe ya risasi wala dhahabu, ni ya kushukiwa, maana mafundi wa kale hawakuweza kuisafisha hivyo. Ila mwenye kughushi akiyeyusha sarafu za kale zilizochakaa apate madini ya enzi ileile, mashine itamsalimia kwa heshima. Carl Wilhelm Becker, mghushi wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1830, alichonga mihuri yake mwenyewe ya mamia ya sarafu, na inasimuliwa kwamba alizizeesha kwa kuzifunga ndani ya sanduku lenye vumbi la chuma na mafuta chini ya gari lake la farasi, akisema anawatembeza wazee wake. Maabara inafaa pale jicho la mtaalamu limeshashuku kitu mahususi. Kuanzia huko ni kupoteza pesa.

Uchague kwa hali yako

Umerithi kijisanduku na hujui lolote: usisafishe kitu. Pima uzito, piga picha pande zote mbili na ukingo, na uandike kila unachokumbuka juu ya aliyekuwa nacho, hata bahasha kuukuu zihifadhi, ndizo historia ya umiliki. Zipeleke picha makumbusho kwanza ujue una nini, ndipo umwone mfanyabiashara kuhusu bei ya zile chache zitakazostahili.

Umeokota ardhini: makumbusho kwanza, na kabla ya kuendelea kuchimba. Tundu ulimoikuta linaeleza mambo ambayo sarafu peke yake haiwezi.

Unataka kuuza kimoja cha thamani: tafuta makisio mawili au matatu kutoka kwa watu wasiojuana, mmoja mfanyabiashara na mwingine wa mnada. Wakipishana sana, waulize sababu. Kasha liingie tu kama wanunuzi wako watakuwa wageni wa mtandaoni na ada ni sehemu ndogo ya bei inayotarajiwa.

Una mfuko wa shaba za Kirumi zilizochakaa: mizani, lenzi, hifadhidata, na jioni nyingi. Usimlipe mtu yeyote.

Unanunua kwa mara ya kwanza, na muuzaji anakuharakisha kwa kuwa "kuna mwingine anaitaka": kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwombe uzito hadi gramu 0.01, picha ya ukingo, ilikotoka, na dhamana ya maandishi ya kurudishiwa pesa isiyo na kikomo cha siku kwa upande wa uhalisi. Akisita kwenye mojawapo, mwachie huyo mwingine.